Bei ya Mteja wa Kwanza

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wauzaji wa Soko la Juu,
Oruro.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa kitandani, mito mitatu mgongoni. Daktari amenipa wiki mbili, na kwa kuwa nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane, najua wiki mbili ni kiasi gani. Kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye shauri. Namshtaki Bi Casimira Choque, muuza uji wa mahindi ya zambarau pale lango la mashariki, kwa kosa la kupanga bei mbovu.

1. Bakuli la uji na andazi la jibini ananitajia boliviano kumi na nne. Mimi hulipa saba. Sababu unaijua: mteja wa kwanza harudishwi, siku isije ikaingia nuksi. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa wa kwanza, nikikata nusu ya bei yoyote anayotaja. Hunifokea, "Mwalimu, huna haya! Kofia ya sufi kama ya waziri, mkono kama wa mwombaji!" Kisha humimina. Nami hula upesi na kuondoka kabla wa pili hajafika, maana nina heshima yangu mjini.

2. Angeandika bei ubaoni, nisingepata mwanya wa kutenda dhambi. Kwa hiyo dhambi hii ni yake, walau nusu. Nimepiga hesabu mara mbili.

3. Andazi la bei ile mtu hali moja tu. Daktari anasema moyo wangu umezingirwa na mafuta. Bei ya haki ingeniokoa.

4. Mwezi uliopita nilimtuma binti yangu Griselda na bahasha yenye fedha zote nilizompunja. Bi Casimira akaikataa mbele za watu: "Mwambie mwalimu akanunulie soksi, huko aendako kuna baridi kuliko Oruro." Padri naye anasema aliyeiba arudishe. Sasa nimrudishie nani, ikiwa mwenye mali hapokei? Nitazikwa mwizi, Ndugu Mwenyekiti, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, si moyo.

5. Ikiwa bei moja imemharibu mwalimu wa hesabu, sithubutu kufikiria imewafanya nini makarani wa manispaa.

Naomba basi Chama kimwamuru Bi Casimira apokee bahasha. Pili, mteja wa kwanza alipe mara mbili ya wengine. Asipopatikana wa kwanza kwa bei hiyo, siku ianze na mteja wa pili.

Wasalimie wauza viazi, washona kofia na mlinzi wa lango. Msalimie hata Bi Casimira, ila kwa ubaridi.

Wako katika hesabu sahihi,
Mwalimu Anselmo Iriarte

Baada ya kutia sahihi: Bi Casimira amekuja mwenyewe. Griselda, ambaye hajui kutunza siri, amemsomea barua yote. Mama wa watu amecheka mpaka akakalia miguu yangu.

"Uji wangu ni saba, Mwalimu! Mji mzima unalipa saba. Kumi na nne nakutajia wewe tu. Siku ile ya kwanza nilikutajia bei ya kweli ya wakati huo, nne, ukanipa mbili. Kesho yake nikaanza kuizidisha mara mbili kabla hujafika."

Ni kweli, siku ya pili bei ilipanda ghafla. Nilidhani ni sukari.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. "Ningekwambia ungekuja? Wewe ukiona bei ya haki unaumwa."

Hivyo deni langu lote ni boliviano mbili. Nimemlipa, akazipokea. Griselda anasema nisitume barua hii, lakini stempu imekwisha kubandikwa, na posta hairudishi fedha. Tafadhali usiishughulikie.

Kesho ataniletea uji hapa kitandani. Hakutaja bei, nami sikuuliza.