Karani wa Maziwa ya Ngamia

Jumatatu, 3 Novemba

Dada Timiro amenipa hadi Ijumaa. Nipate kazi, la sivyo nipande basi la Takaba nikachunge ngamia wa adeer Bare, ndugu wa marehemu baba. Mimi, Nuh! Mtu wa Iftin, mjini Garissa! Ngamia mimi namjua kwenye chai tu. Timiro anasema miaka thelathini na mmoja inatosha kulala kwenye kochi la shemeji. Shemeji mwenyewe hajasema neno, ila juzi alilisogeza kochi hadi barazani. Nami nikiwa juu yake.

Lakini alhamdulillahi, mlango umefunguka. Akina mama wauza maziwa ya ngamia wanatafuta karani wa kuwaandikia barua za Kiingereza. Mahojiano ni Alhamisi. Tumebaki wawili, mimi na Deeq. Tulisoma naye darasa moja. Alikuwa ananyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali. Simpendi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimelipata swali! Bilan, binti wa shangazi, ndiye anayewapikia chai akina mama ofisini. Nilimbebea madumu mawili ya maji, mgongo ukalia, akanimwagia siri yote. Kumbe karani wa zamani aliwaandikia wanunuzi wa Nairobi kwamba maziwa yetu ni "continual". Wanunuzi wakaelewa yatakuja leo, kesho yakatike, keshokutwa yarudi. Wakahamia wauzaji wengine. Alitakiwa aandike "continuous". Sasa mwenyekiti, mama Rukiyo, ambaye mji mzima tunamwita eedo, yaani shangazi, anataka kila mwombaji aeleze tofauti ya maneno hayo mawili kwa Kiswahili rahisi, pamoja na mifano.

Tofauti gani tena? Miaka yote hii nilidhani ni neno moja, ila moja limevaa koti.

Jumatano, 5 Novemba

Mbinu ya leo, kazi safi kabisa. Nimekwenda kwa Deeq mwenyewe! Nikamwambia mpwa wangu Idman ana kazi ya shule, amekwama kwenye maneno mawili. Deeq akishaulizwa hawezi kunyamaza, ndio ugonjwa wake. Akanieleza kwa saa nzima. "Continuous" ni jambo linaloendelea bila kukatika, kwa mfano mto Tana unavyopita chini ya daraja. "Continual" ni jambo la kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, kwa mfano umeme wetu hapa Iftin. Nikaandika kwenye kiganja.

Wakati wa kuniaga akauliza Idman yuko darasa la ngapi. Nikasema la saba. Idman ana miaka mitatu. Na Deeq ni jirani yetu, anamwona kila siku. Akanitazama, akacheka kidogo, akanitakia mtihani mwema. Roho yake mbaya huyu!

Alhamisi, 6 Novemba

Siku nyeusi. Naandika kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Nilihakikisha naingia kwanza. Akina mama tisa wamekaa kwenye mabenchi, eedo Rukiyo katikati. Nikaanza na umeme wa Iftin. Wakaitikia wote, hata wakaanza kulaani. Nilikuwa nimeshinda, wallahi! Ilibaki niseme mto Tana, nishukuru, nitoke. Lakini nikafikiri, mto ni mfano wa Deeq, atakuja kuutumia. Hawa ni watu wa maziwa. Wape cha kwao, Nuh!

Nikasema "continuous" ni kama kukamua ngamia. Unashika chuchu, maziwa yanatiririka tu bila kukatika, mpaka chombo kijae.

 Eedo akaniuliza kwa upole yanatiririka muda gani. Nikasema nusu saa. Kwa ngamia mwenye afya, saa nzima. Akauliza wakati huo ndama yuko wapi. Nikasema amefungwa mbali, asisumbue kazi.

Ya Rabi! Mama mmoja, Kaaha, alianguka kutoka kwenye benchi. Wengine walijifunika nyuso kwa shash, vile vitambaa vyao vya kichwani. Eedo akafuta machozi, akanifundisha. Ngamia bila ndama wake hatoi. Ndama aanze kunyonya, maziwa yashuke, mkamue haraka haraka, watu wawili, huyu upande huu na yule upande ule, maana punde si punde ngamia anafunga maziwa. Halafu ndama arudishwe, mwanzo tena. Akasema mfano wangu ni mzuri sana, ila ni wa lile neno jingine. Na mtu asiyejua maziwa yanavyotoka atawaahidi watu wa Nairobi mambo ambayo ngamia hakuyaahidi.

Deeq akaingia. Akatoka karani.

Ijumaa, 7 Novemba

Mji huu habari hailali. Watu wakikutana, warran kwanza, yaani lete habari, na leo habari yote ni mimi. Baada ya sala ya Ijumaa, msikiti mzima unaniuliza kama ile saa ya kukamua imekwisha. Waryaa, we Nuh, fungua bomba!

Timiro hakunigombeza. Angegombeza ingekuwa nafuu. Ameshafunga mfuko wangu, akatia tende na lile shuka langu la barazani. Mama alipokufa yeye ndiye aliyenilea, naye alikuwa bado msichana. Akasema hanifukuzi, anaogopa tu kwamba siku akiondoka duniani ataniacha nimelala hapo hapo. Niliumia. Nikamwambia nitabadilika, na niliposema nilimaanisha.

Jumatano, 12 Novemba, Takaba

Alfajiri adeer Bare amenipa chombo. Ndama akanyonya, adeer akaniambia haraka. Nikapata nusu kikombe, ngamia akafunga. Mara ya pili akapiga chombo teke. Adeer anasema nitulie, nitazame kwanza, kujua ni baadaye.

Nimeshatazama! Hapa hakuna mtu anayefundisha Kiingereza. Hata mmoja! Nimewaambia wachungaji kwamba mimi ni karani wa zamani wa akina mama wa Garissa, na kwamba Deeq amejifunza kwangu. Wamejiandikisha kumi na wawili. Somo la kwanza ni kesho, yale yale maneno mawili.

Ngamia simtaji tena, nimekoma. Hawa watu siku nzima wako kisimani, basi nitawapa kisima. Mwenyewe sijafika huko bado, lakini kisima ni kisima. "Continuous" ni kama kuteka maji. Unateremsha ndoo, maji yanapanda tu, bila kukatika.

Tuone hapo nani atacheka.