Tausi Avue Hiyo Kanzu

Kapkatet, Bureti
Aprili 1996

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa kila Jumapili, mkulima wa majani chai, mzee wa kanisa, na mtu asiyependa maneno mengi. Lakini hii hadithi yenu ya watumwa imenishinda, na nyumbani kwangu hakuna amani tena.

Kwa wale ambao hawajaisoma: Tausi, mtumwa, alinyang'anywa mtoto wake, mtoto akauzwa mbali. Tausi akatoroka, akanyoa nywele, akavaa kanzu ya kiume, akajiita Musa na kubeba mizigo ya watu mpaka akafika shamba alipo mtoto. Jumapili iliyopita mwenye shamba alisema atamwachilia mtoto kwa baba yake tu, maana kwake mama mtumwa hahesabiwi. Tausi akajibu, "Mimi ndiye baba yake." Mkakomea hapo! Jameni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama ni mama. Akinyoa nywele hajawa mwanamume, amekuwa mama mwenye kipara. Nilisema hivyo pale kituoni tukingoja lori la majani chai, na jirani yangu Gekara akanijibu kwamba mtoto anataka kutolewa utumwani, hana haja na mambo ya kanzu. Tangu siku hiyo hatusalimiani vizuri.

2. Ubaba si mavazi. Mchukue baba yangu mwenyewe. Alimwoa mama kwa ng'ombe, mbele ya wazee. Tangu nizaliwe sijamwona akisonga ugali. Akikohoa, nyumba yote inanyamaza. Huyo ndiye mwanamume, Mhariri. Mwandishi wenu angekuja kwetu amwone, angeacha mchezo.

3. Wanawake wa huku wameanza. Mke wangu Janefer ameniuliza ni mtoto gani mimi nimewahi kumbeba mgongoni hadi kliniki. Nikamwambia anisubiri kwanza nimalize chai. Binti yangu Caren naye alivaa koti langu na gambuti zangu, akatangaza kwamba leo yeye ni kijana wa boma, akaenda kukamua. Ng'ombe akatoa maziwa mengi kuliko siku zote, na hiyo ndiyo iliniudhi kabisa.

4. Kwa hivyo naomba kwa heshima kwamba Jumapili ijayo Tausi avue kanzu na akiri kuwa yeye ni mama tu, hata kama mtoto atabaki utumwani. Najua ni vibaya. Nililia kidogo nikifikiria. Lakini kama mtu anaweza kuwa baba kwa kusema tu, sisi wengine tunahangaika ya nini? Mkikataa, nitaacha kununua gazeti lenu, niwe nikisoma la Gekara.

Wasalimie wa nyumbani kwako na wapiga chapa wote. Huyo mwandishi pia msalimie, lakini kidogo.

Wako mwenye uchungu,
Gibson Kipkosgei

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea baba barua hii ili anisifu. Anaitwa Rebeccah. Ni mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, basi kwa desturi yetu Wakipsigis akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu Nyambeki kutoka upande wa Chepilat, akawa mume wake na baba yetu sisi. Kila mtu huku anajua, ndiyo sababu sikuona haja ya kutaja. Akaniuliza, "Na mimi nivue nini, ndiyo usiwe mtoto wangu?"

Mhariri, Jumapili mpeni Tausi mtoto wake. Na kanzu abaki nayo.