Safari ya Mbweni kwa Sahani ya Futari

Jumatatu, 9 Novemba 1970

Nimechelewa chuoni. Tena! Basi la Darajani halina haraka na mtu, na mimi nikishakula daku silali, nafumba macho kidogo tu. Kufumbua, jua hilo!

Mwalimu Abrahman hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Amesema Jumatatu ijayo asubuhi tunapangiwa skuli za kwenda kufanya mazoezi ya ualimu. Atakayeitwa asiitike, atangoja mwaka mwengine. Alikuwa akinitazama mimi. Shaame, mwanafunzi mwenzangu mwenye baiskeli, naye akanitazama, akakohoa. Hasidi!

Mama, Bi Biasha, keshautangazia mtaa mzima wa Kiponda kuwa mwanawe ni mwalimu. Yeye hakusoma. Anasema hamu yake ni moja, siku moja afue shati langu alikute na vumbi la chaki. Nikiikosa Jumatatu, sina uso wa kumtazama.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jirani yetu Hasanali, fundi seremala, ana gari la mizigo. Kila asubuhi anakwenda Mbweni kutia milango kwenye nyumba mpya, na chuo chetu kiko njiani. Kiti cha pembeni kitupu! Kumuomba? Mtu msomi haombi. Nitamfanyia ihsani mpaka mwenyewe anisihi nipande.

Jumanne, 10 Novemba

Nimemwambia mama kuwa Ramadhani ni mwezi wa kukumbuka majirani. Kafurahi hata kanibusu. Kapika mkate wa kumimina, mzima, nikautia kwenye sahani yetu ya maua na kawa juu. Nimeupeleka mwenyewe, na ukubwa wangu huu. Mariambai, mkewe Hasanali, kaupokea kwa dua. Nikarudi nyumbani kungoja kuitwa.

Magharibi haijaingia, hodi! Sahani yetu imerudi na kababu hadi ukingoni. Nilisahau kabisa: sahani ya jirani hairudi tupu. Ihsani yangu imelipwa kabla ya adhana! Kababu zenyewe, lakini, alhamdulillahi. Kwenye tarawehe nilishindwa kurukuu.

Jumatano, 11 Novemba

Nimezidisha. Mkate, na tambi za sukari pembeni. Zimerudi bajia na jagi la faluda. Mama anasema mimi mtoto wa kheri, tangu afe baba hatujapata kufuturu hivi. Niliona haya kidogo, nikanywa faluda.

Chuoni nimechelewa. Shaame kakohoa.

Alhamisi, 12 Novemba

Akili! Pasipo sahani hapana cha kurudishwa. Mama alipokuwa sokoni nimekoroga mkate mwenyewe kwa sukari yote iliyobaki, nikaufunga kwenye jani la mgomba. Mariambai kalipindua jani huku na huku, kashukuru. Nikajua leo nimewapata.

Sikuwapata. Imekuja biriani, tena kwenye sahani yao wenyewe, ya kaure, ya harusi yake Mariambai! Sasa sahani ya watu iko kwetu, haiwezi kurudi tupu, na nyumbani hamna hata punje ya sukari. Foleni ya sukari nayo si mchezo. Mama kalichukua kopo la sukari, kalitikisa, kanitazama. Nikasema panya. Sikupenda nilivyojisikia.

Jumapili, 15 Novemba

Hasanali kaja asubuhi na randa na msumeno! Kasema yeye na mkewe wamekaa wakafikiri. Futari zote hizi Bi Biasha hazileti bure, ana haja na anaona haya kuisema. Na mlango wake wa uani haufungi tangu masika. Kautengeneza, sasa unafungika kwa kidole kimoja. Malipo hataki, kaapa. Mimi nimekaa pembeni machozi yananilenga. Mikate yangu yote, mlango!

Mama kamshukuru, kamrudishia sahani yake na ndizi mbivu alizozinunua jana. Halafu, vivi hivi, kama mtu anayeuliza saa, akamwambia kesho akipita chuoni ampakie mwanawe. Hasanali akanigeukia. Akasema, si ningesema tu? Mwaka mzima anakwenda peke yake, hana hata wa kuzungumza naye.

Kumbe mama alijua kila kitu. Kuchelewa kwangu aliambiwa na mama yake Shaame tangu Jumanne. Panya alimjua mwenyewe. Alikuwa akingoja nimwambie. Hakunigombeza. Kaniwekea kipande cha mkate, akasema nile, panya mkubwa mimi. Sijui nimemfanyia nini Mungu hata akanipa mama huyu.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimefika kabla ya Shaame! Hasanali alikuja kunigongea mwenyewe, na njia nzima kanisomesha tofauti ya mbao za msaji na za mninga. Jina langu lilipoitwa niliitika naam, hata Mwalimu Abrahman akaangusha kalamu. Shaame nilimkoholea.

Mama nilipompa habari alikaa kwenye mkeka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akaniambia nitoe mashati yote, ayatazame vifungo. Namshukuru Mungu kwa mama, kwa Hasanali na Mariambai, hata kwa mlango. Na nimepata somo nitakalokwenda nalo kaburini: mwenye haja aseme.

Jambo moja dogo tu. Skuli niliyopangiwa iko Kendwa, kaskazini kabisa huko! Mimi nataka ya mjini, nisimwache mama peke yake. Mwalimu Abrahman kasema mwenye udhuru aende amwambie, atambadilishia. Amwambie tu! Mambo hayaendi hivyo. Nimepeleleza, nikaambiwa mkewe anapenda sana kuku wa kienyeji. Jogoo nshampata, tena mnene, nimemfunga uani. Na jogoo hapelekwi kwenye sahani!

Mama kaniuliza jogoo wa nini. Nimemwambia wa kutuamsha daku.