Masika Makumi Ine mu Liste

Jumatatu, 3 Février 2003
Juma ya tatu tangu masasi ya bunduki itukute Mbau. Mimi nikashika barabara, binti wangu Masika akashika pori. Mutoto wa miaka kumi na sita! Nimefika Butembo pekee yangu.

Gérard, mwenye bureau ya ordinateur, ile kompyuta, hapa Bulengera, mtaa ya Butembo, anasema kuko liste ya batu ba Mbau. Unaandika barua moja, inaingia yenyewe mu boîte ya barua ya kila mutu wa liste, mpaka Kampala. Jirani Virginie, bibi ya mwalimu, akacheka. Eti Mama Masika, liste ni ya bazee, leo ni forum: barua inabakia pale ku site kama tangazo ku mulango ya kanisa, mwenye kupita anasoma. Nikamwambia tangazo hapana na miguu. Na yeye ametoka Kisangani, Mbau anaijua wapi?

Mupango: nimemukataza Gérard kuandika jina ya batizo. "Mama Masika anatafuta Masika wa Mbau", basi. Vita imeleta batu ba bongo, ba uongo mingi. Mwenye kumuona kweli atataja Élodie yeye mwenyewe. Akili hiyo!

Jumatano, 5
Majibu makumi ine! Nikapiga kigelegele. Gérard akasoma. Aïe. Kwetu Banande binti wa kwanza wa kila nyumba ni Masika. Nilijua! Mais moyo ya mama inazani Masika ni mumoja. Kuko Masika wa miaka sita. Kuko Masika mwenye mapacha. Mumoja wa Oicha, meno hapana tena, anauliza kama ni mimi mama yake. Nikamujibu pole, mutoto wangu. Pole ikaenda kwa batu bote ba liste. Bote bakarudisha asante. Boîte ikajaa. Élodie hapana. Nimelia mbele ya bateja ba Gérard.

Ijumaa, 7
Virginie ameuliza jina ya batizo ya mutoto. Eti aiweke ku forum. Anataka batu baseme ni yeye alimupata! Nikamudanganya eti ni Agar. Kisha moyo ikanipiga siku muzima.

Jumamosi, 8
Virginie amekuja mbio, karatasi mu mukono. Eti Agar hakuna, mais ku forum kuko Élodie wa Mbau anatafuta mama yake. Iko Beni, ku mtaa ya Beu, kwa Mama Rachida, mufanyabiashara. Rachida anahamia Kampala kesho. Mama asipojibu, anaenda na mutoto. Ameandika kovu ya moto ku goti: ni yeye! Na barabara ya Beni basoda ba bunduki bamefunga. Nikaanguka chini. Virginie akanishika, akalia kuliko mimi. Akasema mara tatu: jibu pale pale ku forum, mutoto haiko mu liste, na uweke majina yote.

Siku ya Mungu, 9
Asubui mbio kwa Gérard. Forum? Mahali kila mwizi anasoma? Hapana! Nimetuma mu liste. Jina ya Élodie nimeifuta. "Masika, usitoke, mama anakuja." Mutoto wangu iko na akili kama mimi.

Saa sita. Bamasika kumi na moja bamejibu: mama, tunakungoja.

Mumoja lazima ni wangu.