Mimi na Biva wa Bi Vosper

Alhamisi, 1 Februari
Nimeamka na hasira. Rosalind Vosper, mwenye shamba la juu, anataka kuwafungulia biva wake! Miaka mitatu amewafuga wawili ndani ya uzio. Panya wa mtoni, wakubwa kama mbwa, mkia bapa kama mwiko, meno ya kuangushia miti. Sasa eti waachwe wajenge mabwawa kwenye kijito chote ili huku kijijini mafuriko yapungue. Tutaamua Ijumaa ya wiki ijayo, ukumbini.

Upuuzi. Mafuriko ni kazi ya wahandisi. Nimekuwa karani wa barabara miaka thelathini na moja, nayajua maji. Wala simchukii Rosalind kwa kuwa alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji badala yangu. Alinishinda kwa kura tisa tu.

Nimeandaa dodoso la kupima maoni ya umma. Kisayansi kabisa. Swali la kwanza: "Je, ungependa panya mwenye uzito wa mtoto wa darasa la pili azurure nyuma ya nyumba yako?"

Jumapili, 4 Februari
Madodoso yamerudi. Balaa! Wengi wamejibu ndiyo. Mmoja kauliza kama anaweza kupata wawili. Muuza nyama yuko upande wangu: anahofia biva watamaliza samaki. Biva hali samaki, anakula magome na majani. Sikumsahihisha.

La Bi Enid Chugg limenikaa rohoni. Jirani yangu, mjane, miaka themanini na minne. Hakujibu swali hata moja. Kaandika nyuma ya karatasi, kwa penseli: "Mwaka juzi nilikaa kwenye ngazi kwa muda wa saa tisa nzima na paka wangu, nikitazama viti vyangu vikielea. Maji yakiingia tena, binti yangu ananihamishia kwake, mjini Exeter. Huyo panya akiyapunguza hata kwa kidole kimoja, mlete alale kitandani kwangu."

Nimeisoma mara mbili. Kisha nikaiweka chini kabisa ya rundo.

Jumatano, 7 Februari
Umma unahitaji ushahidi. Nimekata mti wangu wa tufaha, ule wa kando ya kijito. Msumeno, halafu patasi, kuiga meno. Kazi ya saa tatu. Mgongo umekwisha. Mti aliupanda marehemu mke wangu, Maureen, lakini haukuwa ukizaa sana. Kidogo tu. Mwaka jana ulizaa vizuri, kusema kweli.

Nimeupiga picha. Nimewatangazia watu dukani kwamba biva wametoroka.

Ijumaa, 9 Februari
Sitaki kuandika.

Haya. Ukumbi ulijaa. Nikainua picha, nikazungumza kwa uchungu. Rosalind akaomba kuitazama. Akavaa miwani. Akasema biva wake wote wawili wapo, amewaona asubuhi. Halafu, kwa upole kabisa: "Percy, ndugu yangu, biva hana msumeno."

Walicheka mpaka muuza nyama akafuta machozi. Msaliti! Bi Enid peke yake hakucheka. Aliniuliza kama ule ni mti wa Maureen. Nikasema ndiyo. Akanishika mkono.

Kura zikapigwa. Biva wameshinda. Wataachiwa majira ya kuchipua.

Jumapili, 11 Februari
Mvua tangu jana, haijapumzika. Saa nne asubuhi kijito kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikaenda kwa Bi Enid na viroba vya mchanga. Tukapandisha juu viti, zulia, redio, paka. Paka kanikwaruza.

Tukakaa kwenye ngazi. Alitetemeka, akasema ni baridi. Haikuwa baridi. Akaniambia kwamba Exeter binti yake amempangia chumba kizuri, dirisha linatazama maegesho ya magari. "Nitamsalimia nani pale, Percy? Magari?"

Nikashuka kukaza viroba mlangoni.

Maji yalipanda polepole. Mwaka juzi yalikuja kwa kishindo. Leo yakafika kizingitini, yakasimama, kama mgeni anayesita kubisha hodi. Saa kumi yakaanza kurudi. Bi Enid akalia, kisha akanipa skonzi.

Jumanne, 13 Februari
Nimepanda kilima hadi shamba la juu. Kwenda kutazama tu. Rosalind akanionyesha mabwawa ambayo biva walijenga mwaka jana ndani ya uzio, kijito kinapopita, bila kunisimanga, jambo lililoniudhi zaidi. Vijiti, matope, mawe, yote yamesukwa bila mpango. Yanavuja kila mahali! Akasema ndiyo maana yake: maji yanacheleweshwa tu, yanaachiwa kidogo kidogo. Ameongeza kwamba mvua ya juzi haikuwa kubwa kama ile ya mwaka juzi, na biva wawili si muujiza. Ila wamesaidia.

Nikamwona mmoja. Alikuwa anaburuta tawi, hana habari na kamati wala kura. Nimesimama pale muda mrefu. Nilijisikia mdogo, na haikuniuma sana.

Jumapili, 18 Februari
Nimewaza. Kama mnyama asiyejua kusoma anaweza, mtu aliyetumikia barabara miaka thelathini na moja je? Nimejenga bwawa langu, mwisho wa bustani, hatua chache baada ya kijito kupita nyumba ya Bi Enid. Mbao, viroba, saruji. Halivuji hata tone! Rosalind alipita akasema nilibomoe leo hii, maji yatarudi nyuma hadi kwa Bi Enid. Wivu.

Jumatano, 21 Februari
Manyunyu tu usiku wa jana. Bi Enid amenigongea asubuhi, paka kwapani. Jikoni kwake maji yamefika vifundoni. Nilipofika kutazama alikuwa hasemi nami tena. Amenikabidhi ufagio, akaenda kumpigia simu binti yake.

Inasikitisha. Lakini kasoro nimeiona papo hapo: bwawa ni fupi mno. Kesho naliongeza kimo.