Jagi la Utepe Mwekundu

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba ofisi yetu imekamilisha Mpango Mkuu wa Vyombo vya Kioo, na kwamba kuanzia sasa hakuna kiongozi atakayewekewa kinywaji kisicholingana na cheo chake. Aliyeandika mpango huo ni mimi. Nalisema bila majivuno, kwa kuwa wenzangu wamekataa kulisema.

Mimi ni mtu wa kujisomea. Mchana nilibeba masanduku, jioni nikakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakinigusa kidevu, mpaka nikapata vyeti. Vimetundikwa sebuleni, na mke wangu huvisogeza kila ufa wa ukutani unaporefuka. Huo nao ni utumishi. Kwa hiyo Mkurugenzi aliponikabidhi suala la majagi, nilijua elimu yangu haikupotea bure.

Majagi yalikuja matatu, ya kioo safi, yenye shingo nyembamba na matumbo mapana kama ya wajumbe wa kamati. Ila yalifanana kama mapacha. Nikayafunga utepe shingoni: mwekundu wa mvinyo, wa kahawia wa kahawa, wa buluu wa maji. Wakubwa wakapata mwekundu, wa kati kahawia, na waliobaki wakabaki na buluu. Nikaagiza pia kwamba ofisa hajimiminii. Anamiminiwa na Mama Povu, mama wa jikoni, aliyepewa jina hilo kwa sababu mikono yake haitoki kwenye sabuni.

Mvinyo haukuchelewa kuisha. Mkurugenzi hakutaka wageni waheshimiwa wakute meza haina utepe mwekundu, akaamuru jagi lijazwe maji. Mhasibu akaonja, akasema mbele za watu kwamba haya ni maji. Tuliaibika. Ndipo nikatunga kifungu ambacho hadi leo hukisoma peke yangu kwa starehe: kinywaji hutambuliwa kwa utepe wa chombo chake, si kwa ulimi wa mnywaji. Mhasibu akaonja tena, akakiri kwamba ni mvinyo, tena wa zamani.

Mambo yakanyooka, mpaka Mkurugenzi alipochungulia jikoni akamkuta Mama Povu akimalizia kilichobaki kwenye jagi la utepe mwekundu kabla ya kuliosha. Bomba lilikuwa limekauka na mama wa watu alishikwa na kiu. Lakini kanuni ya ofisi haina kona: mvinyo kazini ni mbele ya wageni tu, na anayekunywa pasipo wageni anafukuzwa. Mkurugenzi akamfungulia shtaka.

Mama Povu alinivizia koridoni. Alinieleza kwamba hana mume, wanawe wanamtegemea, na kazi nyingine hana. Nikamjibu kwamba binafsi namhurumia, ila kifungu hakina macho.

“Kifungu hakina, Mzee,” akasema. “Lakini wewe unayo, tena yenye miwani.”

Nyumbani habari ilitangulia kufika. Mke wangu hakugomba. Alinitekea maji kwenye kikombe cha bati, akauliza, “Baba Kifungu, hiki ninachokupa ni nini? Au nikatafute utepe kwanza?”

Kesho yake likakaa baraza: Mkurugenzi, Mhasibu na mimi, mtaalamu wa vifungu. Feni ilikuwa mbovu. Mama Povu akaitwa, akatumiminia kutoka jagi la utepe mwekundu, sisi na mlinzi wa mlangoni, kisha akaenda kusimama mahali pa mshtakiwa. Mkurugenzi akafungua kikao kwa kumkataza kugusa chombo chochote cha ofisi mpaka uamuzi utoke. Tukajadili, tukanywa. Joto lilikuwa kali.

Hatimaye Mkurugenzi akafuta jasho, akaniambia nisome adhabu.

Ningependa kuandika kwamba niliingiwa na huruma. Sikuingiwa. Nilisimama, nikakohoa kisomi, nikainua kanuni, na jicho langu likatua kwenye glasi ya Mkurugenzi. Ilikuwa tupu. Nikatazama chumba kizima. Mgeni hata mmoja hakuwamo. Kifungu changu kilikuwa kinavunjwa mbele yangu, na hilo, ndugu msomaji, sikuweza kulivumilia.

“Mheshimiwa,” nikasema, “hatuwezi kuamua. Tumelewa.”

“Umelewa peke yako. Haya ni maji.”

“Yakiwa maji, basi na yake yalikuwa maji. Na wale wageni waheshimiwa uliogonganisha nao glasi, nao pia...”

Mkurugenzi akaisukuma glasi yake kando. Mhasibu, mtu mwepesi kusoma upepo, akaanza kuyumba, kisha akalaza kichwa mezani.

“Tumelewa,” akasema Mkurugenzi.

Hapo nikaeleza hali ya kisheria. Mlevi haamui lolote mpaka anywe kahawa. Ofisa hajimiminii kahawa. Anayemimina ni Mama Povu, naye haruhusiwi kugusa jagi mpaka tuamue. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa. Mlinzi aliuliza kama tutalala humo.

“Nafuta shtaka,” akasema Mkurugenzi.

Mhasibu akauliza, kichwa kikiwa bado mezani, kama kufuta si kuamua. Nikamjulisha kwamba kufuta ni kujuta, na mlevi anaruhusiwa kujuta.

“Mama Povu,” Mkurugenzi akasema, akiitazama meza, “tuwie radhi. Tunaomba kahawa.”

“Kahawa imeisha, Mheshimiwa. Na bomba bado kavu.”

Hakungoja jibu. Alichukua jagi la utepe mwekundu, akamimina maji yaliyobaki ndani ya jagi la utepe wa kahawia, mbele ya macho yetu sote, pole pole, asidondoshe hata tone. Kisha akaanza kugawa. Alianza na mlinzi. Akafuata Mhasibu, aliyeinua kichwa akiwa na akili timamu kabla glasi haijafika mdomoni. Akaja kwangu, na nathibitisha kwamba ilikuwa kahawa kali.

Mkurugenzi alikuwa wa mwisho. Alipata nusu glasi.

“Usiwe na haraka, Mheshimiwa,” Mama Povu akamwambia, “isije ikakuunguza.”

Naye, kwa mujibu wa kifungu changu, akapuliza.