Kigoda cha Baba Mkwe na Wake Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Siku mbaya. Baba mkwe kaja makumbusho kukitazama kigoda chake, kile alichotutolea mwaka jana kwa mbwembwe zote. Kaelekeza simu kwenye kibao chake cha maelezo. Simu ikasema, kwa sauti tamu ya kike na kwa nguvu: "Kigoda. Mbao. Mmiliki wa kwanza: Mzee Spoku, fundi baiskeli." Mzee Spoku ndiye yeye! Ukweli mtupu. Tatizo ni kwamba kila harusi ya ukoo mzee husimulia kuwa kigoda kile kilitoka kwa Mtawala wa zamani, mkono kwa mkono. Na leo alikuja na rafiki zake.

Akaniuliza mbele yao kama si mimi ninayeshinda na hizo kompyuta. Nikasema ni mimi. Akasema, "Haya basi." Nalijua hilo "haya basi" lake. Tunakaa nyumbani kwake, mimi na mke wangu, chumba cha uani, ubavuni mwa choo. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kiko wazi tangu mpangaji ahame. Shemeji naye anakimezea mate. Mzee ataamua baada ya Jumamosi, tukishafungua ukumbi mpya wa makumbusho.

Wazo nimeshalipata.

Jumanne, 5 Machi
Kwa faida ya wajukuu zangu watakaosoma hapa: makumbusho yetu yana ontolojia. Ni ramani ya maarifa ndani ya kompyuta. Kila kitu kina sifa, na kila sifa ina thamani yake. Ngoma: sifa "ngozi", thamani "mbuzi". Sisi tunaandika msimbo, yaani mistari ya maagizo kwa kompyuta, wa kuzihifadhi thamani hizo na kuzibadilisha. Halafu kuna programu inayosoma yote na kutoa hitimisho lake yenyewe. Tunaiita Mjuaji. Haichoki, haicheki, haiulizi mara mbili.

Kumbadilisha mmiliki ni mstari mmoja tu. Bi Koma wa meza ya pili akataka kuukagua. Tulimpa jina hilo kwa sababu hajapata kuona msimbo wa mtu asiutafutie koma iliyokosekana. Nikamwambia asijisumbue. Nikaandika: mmiliki wa kwanza, Mtawala. Nikabonyeza. Nikatoka napiga mluzi.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Nimefika nimekuta viti vyote vimezungushiwa kamba nyekundu. Vyote! Vya ukumbini, vya ofisini, hata kile kibovu cha stoo. Kumbe sikuandika kwenye kigoda kimoja. Niliandika kwenye kundi zima, "Viti". Mjuaji akapiga hesabu zake: kila kiti ni cha Mtawala, mali ya Mtawala haikaliwi, basi visikaliwe. Akamtumia mlinzi maagizo. Mlinzi ni mwanajeshi mstaafu, maagizo hayajadili. Mkurugenzi kashinda wima ofisini kwake kama mgeni asiyekaribishwa. Mhasibu kakalia ndoo. Mlinzi akaja kuichunguza ndoo.

Nikafuta kimyakimya, nikarudisha ya awali. Mkurugenzi alipouliza kulikoni, nikasema nahisi ni mambo ya koma. Bi Koma akanitazama mpaka shingo ikaniwasha.

Alhamisi, 7 Machi
Amri mpya imebandikwa ukutani: kubadilisha thamani yoyote kunahitaji idhini ya Mkurugenzi. Sijui ni kwa sababu ya nani! Lakini nimeisoma vizuri. Inasema kubadilisha. Haisemi kuongeza. Hapo ndipo akili inapotofautiana na elimu.

Nimeongeza. Safari hii kwenye kigoda kimoja tu, nimehakikisha. Sasa kina wamiliki wa kwanza wawili, Mzee Spoku na Mtawala. Wasomaji watachagua wampendaye. Bi Koma alipita nyuma yangu akasema sifa ile inakubali thamani moja tu. Mjuaji akikuta mbili, atatafuta njia ya kuzifanya kitu kimoja. Nikamwambia kabla ya kunifundisha kazi aanze na kuosha kikombe chake. Jibu zuri sana. Nimelirudia peke yangu njia nzima.

Jioni nimemnong'oneza mzee kuwa mambo tayari. Kaniongezea nyama kwenye sahani kwa mkono wake. Shemeji kaambulia mchuzi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepima dirisha la chumba cha mbele kwa ajili ya mapazia. Shemeji kanikuta juu ya stuli. Tukatazamana bila salamu.

Mke wangu kaniuliza kama nina uhakika na huo msimbo. Nikamwambia atulie, mumewe ni mtaalamu. Akasema hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika nikiwa nimefunga mlango kwa komeo.

Ukumbi umejaa. Mgeni rasmi, Mkurugenzi, wakwe zangu mstari wa mbele. Mzee kavaa koti jipya, mama mkwe kapendeza, kamshika mkono. Mkurugenzi akaomba kifaa kimoja kisomwe kwenye vipaza sauti, mfano tu. Mzee akaruka, akaomba kiwe kigoda chake.

Sauti tamu ikaanza: "Kigoda. Mbao. Mmiliki wa kwanza: Mzee Spoku, ambaye pia ndiye Mtawala." Makofi! Mzee akasimama, akapunga mkono. Nikajiona niko dirishani nahesabu magari.

Sauti haikunyamaza. Mjuaji alishaamua: kigoda kina mmiliki wa kwanza mmoja, majina ni mawili, basi ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Na yote yaliyoandikwa juu ya Mtawala akambebesha mzee.

"Kazi: kutawala, na kuziba pancha. Wake: tisa."

Mzee akabaki na mkono hewani. Mama mkwe akauachia ule mwingine. Akauliza, taratibu, ukumbi mzima ukimsikia, "Baba, na hao wanane umewaweka wapi?"

Mzee akasema hawajui. Watu wakaangua kicheko. Akajaribu tena, akasema hata huyu mmoja anamshinda. Hapo mambo yakazidi kuchafuka.

"Alifariki," sauti ikamalizia, "kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, akikimbia vita."

Mgeni rasmi akavua kofia, nadhani kwa mazoea. Mzee akageuka, akaninyooshea kidole. "Mwandishi huyu hapa!" Nikachutama nijifanye nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba imenuna. Mama mkwe kapakua chakula cha wote isipokuwa mzee. Alipouliza chake, akajibiwa kuwa marehemu hawali, na kama ana njaa aende kwa yeyote kati ya wale wanane. Mke wangu akaingia jikoni kumtuliza mama yake, akatoka anacheka mpaka machozi.

Chumba cha mbele kimepata mtu. Mzee mwenyewe. Kafukuzwa chumbani na godoro lake. Shemeji kanipa pole, ya dhati kabisa. Imeniuma kuliko tusi.

Jumatatu, 11 Machi
Mkurugenzi kaninyang'anya ruhusa ya kuandika chochote kwenye ontolojia. Kusoma tu. Bi Koma kafuta ile thamani yangu kwa mstari mmoja, sote tukiwa tumemzunguka, na Mjuaji akamtenganisha mzee na Mtawala papo hapo. Mzee Spoku yu hai, ana mke mmoja. Mimi nimepewa kitambaa cha kufutia vioo vya makabati. Nimesema asante.

Nimerudi nyumbani nimejiinamia. Mama mkwe kaniita jikoni, kafunga mlango. Nikajua leo nakatwa masikio. Kumbe! Kasema kwa kunong'ona kwamba naye alitutolea chungu pale makumbusho, na kibao chake kinataja mwaka alioolewa, na shoga zake wanajua kujumlisha umri. Je, mimi mwanawe siwezi kuusogeza mbele kidogo? Miaka kumi tu. Akanisogezea maandazi.

Mama anaomba, nitakataaje? Bi Koma akienda chai huacha kompyuta yake wazi. Mstari mmoja tu. Wala siongezi, safari hii nabadilisha, makosa nimeshayajua.

Chungu chake sikikumbuki ni kipi. Haidhuru. Nitaandika kwenye vyungu vyote.